Mvumo wa Mjomba Maliq

La hasha, kamera haikuwa na kosa lolote. Picha ilitoka safi, mpaka ungeweza kuhesabu mvi kwenye masharubu ya mzee Dalip mwimbaji, na nyuma yake dirisha, na nyuma ya dirisha mlima na theluji yake ya mwisho wa Machi. Watu wa kijiji cha Gurras wanaisingizia kamera kwa sababu ndiyo waliyoiona kwa macho. Kilichoharibika ni sauti, na sauti, bwana wee, haionekani. Ikiharibika hujui mpaka siku unapoitaka.

Na Hekuran aliyajua hayo kuliko mtu yeyote kule juu. Miaka ishirini na sita anapiga video za harusi, kuanzia Tepelena mpaka pwani ya Vlora, na kila aliyemwuliza siri ya kazi alimjibu vilevile: picha mbaya watu huvumilia, sauti mbaya hawavumilii. Picha inataka ukae mbali, sauti inataka ukae karibu. Ukiiachia kamera isikilize yenyewe itakuzolea viatu, vijiko, upepo, mbwa, na shangazi anayenong'ona kwamba bibi harusi hana kiuno, itazoa kila kitu isipokuwa kile ulichokifuata. Kwa hiyo Hekuran alikuwa na maikrofoni zake pembeni, moja ya kubana kwenye kola, moja ya kuweka kwenye fimbo, na zote alizivalisha manyoya kama vifaranga, upepo usizipulize. Alikuwa mtu wa kazi. Hilo lieleweke kwanza.

Basi mwishoni mwa mwezi ule akapigiwa simu na Nurie, binti wa mjomba wake Maliq. Nurie alikuwa Janina, upande wa Wagiriki, akimtunza bibi kizee mmoja wa kitandani. Makaratasi yake ya kuishi kule yalikuwa yamekwama ofisini mwaka mzima. Akivuka mpaka kuja nyumbani, harudi tena. Na huku baba yake mapafu yalikuwa yamekwisha, vumbi la mgodi wa makaa ya mawe lile, na daktari wa mjini alishasema mpelekeni nyumbani akalale kwake.

"Kaka," Nurie akasema, "nenda ukamchukue baba."

"Nitampiga picha nzuri, usijali."

"Picha ninazo. Ninayo ya pasipoti, ninayo ya harusi yangu, ninayo akivutana na punda. Nataka sauti."

"Nimwulize maswali, aseme?"

"Aseme nini, Hekuran? Baba tangu lini amesema kitu? Mchukue akishika iso."

Hapo lazima nieleze kidogo, maana asiyejua wimbo wa kwetu atapotea. Wimbo wetu una kazi nne. Mmoja huuchukua. Wa pili huurudisha. Wa tatu huutupa juu, kama mtu anayerusha jiwe livuke bonde. Na waliobaki wote hushika iso, yaani ule mvumo wa chini, eeee, hauna neno, haupandi wala haushuki, haukatiki mpaka wimbo uishe. Hiyo ni sakafu. Maliq alishika iso miaka hamsini. Ukienda vijiji vyote vya bonde lile watakutajia Dalip mchukuaji, Feti mrudishaji, Rrapo mtupaji, mpaka na babu zao. Maliq hawamtaji. Sakafu nani anaisifia? Unaikanyaga tu.

Hekuran akapanda Gurras siku ya Alhamisi asubuhi, kabla upepo haujaamka, maana kule upepo huamka saa sita kama mtu mvivu. Akaanza kuivuruga nyumba. Akachukua mablanketi ya sufu akayatundika kuta zote, sauti isirukeruke. Zenepe, mke wa Maliq, ambaye sote twamwita Nene, yaani mama, akasimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Unahamia?"

"Nazuia mwangwi, Nene."

"Mwangwi umekufanya nini?"

Saa ya ukutani akaipeleka zizini. Kuku akamfungia. Friji akaizima, na funguo za gari akaziweka humo ndani ya friji, asije akasahau kuiwasha wakati wa kuondoka. Rrapo, aliyekuwa amekwisha kufika na waimbaji wenzake, kuona vile akamgonga Feti kwa kiwiko. "Mtazame mtu wa mjini. Anazipoza funguo."

Maliq alikuwa kwenye godoro lake chini, karibu na moto, mito minne mgongoni. Alikuwa amekonda, pua tu ndiyo imebaki ileile. Wale watatu wakakaa kuizunguka meza ya chini, na juu ya meza rakia, ile pombe yetu kali ya zabibu, jibini na zeituni, ambavyo havikuguswa, kwa sababu wimbo haushikwi na mdomo uliojaa. Hekuran akasimamisha maikrofoni ya fimbo juu ya Maliq, shibiri moja na nusu kutoka mdomoni. Dalip yeye sauti yake ingefika hata angefungiwa nje. Waya akauchomeka kwenye kinasa sauti, na kinasa sauti akakiunga kwenye kamera.

Akavaa hedfoni. "Sasa wazee wangu, nipeni nusu dakika ya kimya."

"Kimya cha nini?" Rrapo akaruka. "Bado hajafa!"

Maliq akacheka mpaka akakohoa, na kukohoa kwake kulikuwa kazi ya dakika nzima.

"Kila nyumba ina kimya chake," Hekuran akasema. "Nakichukua nikijue. Msiseme, msijikune, msisogeze kiti."

"Mwambie na Feti tumbo lake linyamaze."

"Tumbo langu limenyamaza kuliko wewe tangu uzaliwe."

"Wazee!"

Wakanyamaza. Na Hekuran akasikia kwenye hedfoni kitu kinavuma, mmmm, chini kabisa, hakikatiki. Akakunja uso. Akamwashiria Zenepe kwamba ni pampu ya maji ya jirani. Zenepe akatoka uani akapaza sauti:

"Weee Bejaze! Zima pampu!"

"Namwagilia vitunguu!"

"Vitunguu vitangoja, Maliq hangoji!"

Pampu ikazimwa. Hekuran akaomba kimya tena, akasikiliza. Mvumo upo. Mdogo, laini, upo palepale. Akasema moyoni huu ni umeme, kuna waya unapita juu ya paa. Na hapo ndipo akamshukuru Mungu kwa kile kinasa sauti kipya alichonunua kipindi cha baridi, maana kilikuwa na kitufe ambacho yeye alikiita kifuta-mvumo. Kazi yake rahisi tu. Unakionjesha ule mvumo, kinauelewa, kisha kila kinapoukuta kinaufuta hapohapo, hata kwenye kadi hauandikwi. Kwenye harusi zenye jenereta kilimwokoa mara nyingi. Akakionjesha. Akabonyeza. Kimya kikawa pamba tupu. Akatabasamu.

Sharti la kwanza la kazi ile ni hili: hedfoni hazivuliwi mpaka mwisho. Macho yanaweza kwenda kokote, masikio yabaki ndani. Hekuran alikuwa hajawahi kulivunja. Lakini Dalip alikuwa amekwisha kuinua mkono kushika sikio lake tayari kuuchukua wimbo, akausimamisha mkono hewani.

"Vua hayo."

"Ami, bila haya sisikii kinachoingia."

"Bila hayo ndiyo utasikia. Mtu akae mezani kwetu, wimbo ushikwe, yeye amejiziba masikio na iso haishiki? Huyo amekuja kutuangalia kama nyani. Hata mabwana wakubwa wa serikali waliokuja hapa walishika iso, na sauti zao kama mlango wa choo. Vua, ukae, ushike na mjomba wako."

Na kwa kweli kwetu ndivyo. Aliyepo anashika. Asiyeshika ni kama amekataa mkono aliopewa. Hekuran akamtazama mjomba wake. Maliq akapiga godoro kwa kiganja, hapa, kaa hapa.

Akavua. Akazitazama taa ndogo za kinasa sauti, za kijani, zinaruka vizuri, haziingii nyekundu. Akakaa.

Dalip akauchukua. Ulikuwa wimbo wa mtu aliyekwenda kazi ugenini na shati lake linafuliwa na mwanamke asiyemjua. Feti akaurudisha. Rrapo akautupa, yule mzee mwenye meno matatu, akautupa ukapasua paa. Na chini yao Maliq akaingia. Hekuran alikuwa amenasa nyimbo kama hizo mia tatu hivi maishani, na hakuwahi kukaa ndani ya hata mmoja. Alishika iso begani kwa mjomba wake, na sauti ya mjomba aliisikia kwa mbavu na kwa mbao za sakafu kuliko kwa sikio. Mtu aliyeshindwa kupanda ngazi mbili alikuwa ameshika kitu kizito namna ile wala hakitikisiki. Machozi yakamtoka Hekuran, akayaacha.

Dakika nne. Mwisho Maliq akakohoa kidogo, kakohozi kake kamoja ka siku zote ka kufunga wimbo.

"Inatosha?" akauliza.

"Inatosha, mjomba."

"Maana sina nyingine."

Wakacheka. Wakanywa.

Ijumaa asubuhi, nyumbani kwake mjini, kahawa mkononi, Hekuran akafungua kazi yake. Dalip akauchukua. Feti akaurudisha. Rrapo akautupa. Na chini yao hakuna kitu. Maliq anaonekana kwenye picha, mdomo wazi, mshipa wa shingo umetoka, na hakuna kitu. Hekuran mwenyewe anaonekana pembeni, mdomo wazi, hakuna kitu. Wazee watatu wanapiga kelele hewani kama watu walioondolewa sakafu nao hawajaanguka bado. Akaongeza sauti. Akabadilisha hedfoni. Akatafuta sauti ya kamera yenyewe, lakini kamera ukishaichomeka waya masikio yake yanaziba, haisikii tena ila kile inacholetewa. Kwenye begi alikuwa na kinasa sauti cha pili. Kwenye harusi za watu baki aliweka viwili siku zote, kimoja kikifa kingine kipo. Kwa mjomba wake aliona chumba kimoja, kitanda kimoja, akaweka kimoja.

Sijui alikata zile kona namna gani, alifika Gurras kahawa yake bado ina moto ndani ya gari. Dalip alikuwa kwenye ngazi ya mlango wa Maliq anavuta sigara.

"Ami, juu ya paa hili panapita waya gani?"

"Waya? Umeme unaingilia zizini."

"Jana kulikuwa na kitu kinavuma. Mlipokaa kimya. Pampu imezimwa na bado kinavuma."

"Si ni Maliq huyo," Dalip akasema. "Alikuwa anapasha koo. Mdomo umefungwa, anatafuta mahali pa kuiweka iso. Miaka hamsini anafanya hivyo. Mimi nilidhani kile kimya umekiomba kwa ajili yake."

Hekuran akakaa kwenye ngazi. Alichokionjesha kifuta-mvumo kilikuwa mjomba. Kiliambiwa huu ndio uchafu, ukiukuta uondoe, nacho kikautafuta katika wimbo mzima, kimo kilekile, kikauondoa wote, wa Maliq na wa kila aliyeshika naye.

Akaingia ndani na maikrofoni mkononi. Kifuta-mvumo alikuwa amekizima njiani, tena akavitega vinasa sauti vyote viwili, na simu juu yake. Maliq alikuwa macho. Alipoiona maikrofoni akaelewa anaombwa nini, akafungua mdomo. Ikatoka pumzi. Akajaribu tena, ikatoka pumzi, na filimbi kifuani.

"Mwache," Nene Zenepe akasema.

"Nene, kidogo tu. Hata eee moja."

"Nimesema mwache, mtoto wa wifi yangu. Hujaona midomo ilivyokuwa ya bluu?"

Nje Dalip alikuwa amewasha sigara nyingine. Aliambiwa yote, akafikiri.

"Iso haina maneno," akasema. "Eee ni eee. Kaa wewe ushike, uipachike chini."

"Huo ni uongo, ami."

"Ni uongo. Una wazo lingine?"

Jumamosi alfajiri Maliq akafa, na kabla ya jua kuzama wakamzika, na Nurie hakuwahi. Makaburini Dalip alijaribu kumwimbia mwenzake. Akauchukua, Feti akaurudisha, na wote wawili wakageuka pamoja kutazama upande wa kushoto, mahali iso ilipokuwa inatokea. Watu waliokuwepo wakajitahidi kushika, mmoja juu, mmoja chini, mmoja anakohoa. Rrapo hakutupa kitu. Wakaacha katikati.

Jumapili Hekuran akaingia kwenye kabati la nguo. Alikwenda humo kwa sababu makoti hunyonya mwangwi, chumba cha bure cha kunasia sauti, na mkewe alipokuja kutafuta shuka akakuta miguu miwili inatokeza chini ya makoti na ng'ombe analia ndani. Alifunga mlango polepole. Hekuran akashika iso dakika nne, mara kumi na moja, mpaka koo likawa kama limekwaruzwa na chumvi. Akaipachika chini ya wale watatu, na mkia wa wimbo, baada ya sauti ya mwisho, akaukata kama alivyozoea kwenye harusi. Ilikaa. Ilikaa vizuri, hilo ndilo lililomtia hofu.

Jumatatu ilikuwa siku ya tatu, siku ya mlo wa marehemu. Wanawake walikuwa wamepika pilau ya kondoo kwenye masufuria makubwa, na halua, watu wa kijiji kizima wako uani wamesimama. Nurie akafika saa nane mchana na gari la abiria lililomshusha barabarani, akapanda kwa miguu na mfuko mmoja. Bibi kizee alimwachia jirani. Mpakani walimgongea muhuri wakamwambia anachokijua, usirudi. Miaka kumi na saba ya kazi kule Janina imekwisha kwa muhuri mmoja. Akamkumbatia mama yake, akaenda kaburini, akarudi. Meza zilikuwa zimetandikwa ndani na kibarazani, na kwa desturi yetu hakai mtu kabla binti wa marehemu hajakaa.

"Kaa, binti yangu," Dalip akamwambia.

"Sikai mpaka nimsikie baba."

"Baada ya chakula utamsikia."

"Ami Dalip, nimekosa kumfunga macho. Nimekosa kumzika. Sikai."

Watu wakatazama chini. Pilau ilikuwa inapoa. Hekuran akatoa kinasa sauti mfukoni, na ndani yake kulikuwa na nyimbo mbili, namba moja na namba mbili. Namba moja ya kweli, haina baba. Akamtazama Dalip. Dalip alikuwa anatazama mlima.

Akamvalisha Nurie hedfoni mwenyewe, akazisawazisha juu ya kitambaa chake cha kichwa. Akabonyeza namba mbili.

Nurie akafumba macho. Dakika nne ni ndefu sana watu wakiwa wamesimama. Katikati mkono wake ukapanda ukashika kifua, na Hekuran akajiambia amejua. Sasa atazivua. Bora azivue.

Wimbo ukaisha. Nurie akafumbua macho.

"Ndiye," akasema. "Mama, ndiye huyu baba. Yuko karibu kabisa, kama yuko hapa." Akagusa sikio. Kisha akamgeukia Hekuran. "Lakini kaka, mbona mwisho hakohoi? Si alikuwa anakohoa kidogo akimaliza?"

Kakohozi hako Hekuran alikuwa amekasahau. Kule kabatini, mara kumi na moja, hakukakumbuka hata mara moja.

"Siku ile hakukohoa," akasema.

"Hakukohoa?"

"Hata kidogo."

"Namshukuru Mungu," Nurie akasema, na machozi sasa yakamwagika kweli. "Mama, umesikia? Siku ile alipumua vizuri."

Nene Zenepe, aliyekuwa pale Alhamisi na masikio yake mawili, alimtazama Hekuran kwa muda. Kisha akazichukua hedfoni kwa binti yake, akataka kuzivaa, akabadili nia, akamrudishia Hekuran mkononi.

"Kaeni, watu wangu," akasema. "Chakula kinaganda."

Nurie akakaa. Nyuma yake wakakaa Dalip na Feti na Rrapo, kisha wa kibarazani, kisha wanawake waliokuwa bado na vijiko vya kupakulia mikononi. Hekuran aliwekwa karibu na Nurie kwa sababu ndiye ndugu wa damu, na Nurie akachukua kipande cha bega, kile chenye mafuta, akamwekea kwenye sahani yake.

"Kula, kaka," akamwambia. "Sauti yako imekauka."

Akala. Wote wakala, na kwa muda mrefu pale ndani hapakusikika ila vijiko.